Komoni ya Mbegu

Mchanga ulishuka Jumatano mchana, watu wakiwa macho, na kwa hilo watu wa Mbelenge walimshukuru Mungu, maana la kushukuru lingine halikuwepo. Mvua ilipiga kilimani tangu asubuhi, na kilima chenyewe kilikuwa kipara. Mwezi wa tisa wawinda panya walikitia moto ili panya watoke mashimoni, moto ukapanda hadi kileleni, ukala nyasi, miti na kila chenye mzizi. Nani aliuwasha? Usiulize, utakosa marafiki. Wale panya walikaushwa, wakaliwa nyumba zote, na wakati ule hakuna aliyetaka kujua wametoka kwenye moto wa nani.

Basi mvua kubwa ya kwanza ilipokuja haikukuta cha kuizuia. Mchanga, changarawe na magogo meusi viliporomoka bondeni vikafunika mashamba ya kitongoji kizima. Mbelenge ni kitongoji cha wakulima kule Madaba, kaskazini ya Songea, na mashamba yake yote yako bondeni. Hakufa mtu. Walikwenda mbuzi kadhaa, zikaenda ghala za chini, na mahindi yaliyokuwa yameshafika gotini hayakuonekana tena.

Lidwina alisimama ukingoni mwa shamba lake, kanga imeloa imemganda mwilini, akawa anatafuta kwa macho mahali mahindi yake yalipokuwa. Hakuona hata jani. Alikuwa mjane wa Pankrasi, mwanamke wa miaka sitini na ushee, mfupi, mkali wa maneno, na ile robo eka ya bondeni ndiyo ilikuwa shamba lake lote duniani. Alipiga mbinja ndogo ya mshangao, kama mtu aliyeona nyoka kapita, akarudi nyumbani kuangalia jikoni.

Jikoni kulikuwa salama. Juu ya moto, kwenye kichanja kilichokolea masizi, yalining'inia mahindi ya mbegu, mafungu kwa mafungu, na pembeni yake kibuyu cha ulezi. Mwanamke mwenye akili hapandi mbegu yote. Hubakiza ya kurudishia, kwa sababu ardhi nayo ina vituko vyake. Lidwina aliyashika mahindi yale kwa mkono, fungu moja moja, akajisemea kwa sauti, "Haya. Bado sijafa."

Maana hesabu ilikuwa nyepesi. Kule Madaba, mahindi yakipandwa baada ya Tokeo la Bwana, sikukuu ya Januari sita, ni kujichosha bure, mvua inayakimbia yakiwa yanachanua. Noeli ilikuwa bado mbali kidogo. Mchanga ukiondolewa, mbegu ikaingia kabla ya Tokeo la Bwana, mwakani atakula. Usipoondolewa, hatakula. Hapakuwa na njia ya tatu.

Jumapili, baada ya ibada kigangoni, Hironimus alisimama mbele ya watu. Huyu ndiye mwenyekiti wa kitongoji, tena ni mdogo wake marehemu Pankrasi, kwa hiyo kwa Lidwina ni shemeji. Mtu mrefu, mpole, asiyejua kusema uongo vizuri.

"Ndugu zangu," alisema, "kidole kimoja hakivunji chawa. Tutafukua shamba moja moja, sote kwa pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. La kwangu litakuwa la mwisho. Na nisikilizeni: hakuna pombe. Hili ni janga, siyo sherehe. Mwenye shamba asiguse mbegu yake."

Watu walipiga makofi mengi. Makofi hayana gharama.

Sasa, asiyezaliwa huko anaweza kudhani ni neno dogo, hilo la pombe. Wapi! Mbelenge mtu akitaka kulimiwa hupika komoni, pombe ya mahindi na kimea cha ulezi, akaita watu, watu wakaja na majembe yao, wakalima wakanywa, wakaimba, jioni shamba limekwisha. Ndivyo walivyolima babu zao. Anayeita watu akawaacha na koo kavu husemwa hadi kaburini, na mazishini kwake watu huchelewa makusudi.

Shamba la kwanza lilikuwa la mzee Romanus. Watu walifika, si wengi, wakaanza kwa nguvu. Jua lilipopanda, mmoja akakumbuka ana mgonjwa, mwingine akakumbuka mbuzi. Ilipofika adhuhuri alikuwa amebaki Hironimus, Lidwina, Romanus mwenyewe na mkewe, na nusu ya shamba ingali chini ya mchanga. Dastan, fundi matofali mwenye mabega mapana na mdomo mpana zaidi, alikuwa wa mwisho kuondoka. Alitia beleshi lake begani akasema, bila ubaya wowote, "Mzee, utusamehe. Mkono mtupu haulambwi."

Watu wa Mbelenge si wabaya, jamani. Walikuwa na njaa. Mtu aliyelala na uji hawezi kubeba mchanga kichwani kutwa nzima kwa kuambiwa asante. Lakini Lidwina alilishika lile neno, akaenda nalo nyumbani. Njiani alimwona mzee Romanus amekaa juu ya lundo la mchanga, hafukui tena, anatazama tu. Picha hiyo ilimkaa.

Jioni hiyo alishusha kibuyu kutoka kichanjani, akamimina ulezi kwenye kiroba, akauloweka.

Hakuwa mjinga. Alikuwa amepanga. Ulezi wote ungekuwa kimea, mahindi nusu yangeingia kwenye komoni, nusu ingebaki ya kupanda. Nusu ya mbegu, akipanda kwa nafasi, ingelisha mdomo mmoja. Na marehemu Pankrasi alikuwa na msemo wake aliopenda kuutoa akishalewa kidogo: hakuna mtu aliyetoka shambani kwangu na kiu. Mjane wake ndiye awe wa kwanza kuuvunja? Thubutu.

Rosemary, bintiye anayeuza mitumba Msamala, Songea mjini, alipiga simu kiroba kikiwa palepale miguuni mwa mama yake.

"Shikamoo mama. Mbegu ipo?"

"Marahaba. Ipo."

"Mama nakuomba, usije ukaigusa. Mimi huku biashara imelala, mwenye nyumba ananifuata kila siku. Mbegu ya dukani sitaweza kukununulia kabla ya Februari."

"Nani kakwambia naigusa? Wewe angalia watoto."

Ulezi uliota vizuri sana. Siku ya tatu vimizizi vyeupe vilikuwa vimepenya kwenye nyuzi za kiroba, vimejaa, vimeshonana. Lidwina alikifungua akautazama ulezi, na roho ikamuuma kweli. Kisha akautandaza kwenye ungo karibu na moto, ukauke, usagwe.

Harufu ya komoni haifichiki. Hironimus alifuata pua yake hadi mlangoni.

"Hodi shemeji. Kuna nini kinanukia humu?"

"Uzee wako."

"Nilisema nini kigangoni?"

"Ulisema vizuri sana. Na Romanus bado anafukua."

Hironimus alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, akavua kofia. "Ni mbegu hiyo?"

"Nusu. Nusu ipo juu, inua macho uone."

Aliinua macho, akaona. Hakuridhika. "Shemeji," alisema taratibu, "ukipika wewe, atakayefuata atafanyaje?"

"Atakayefuata ana akili zake."

"Ndicho ninachokiogopa," alisema Hironimus, akavaa kofia yake akaenda zake.

Siku ya Lidwina ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Weee! Watu walikuja. Walikuja wa Mbelenge wote, wakaja wa kitongoji cha pili, wakaja hata wa ng'ambo ya mto, ambao mchanga wao walikuwa wameuacha kwao haujaguswa. Habari za komoni hazihitaji mjumbe. Wengine walikuja na beleshi, wengine karai, wengine sufuria za jikoni, na mwanamke mmoja alikuja na beseni la kuogeshea mtoto. Hilda, jirani yake wa shamba la upande wa pili, alianzisha wimbo wa kulimia, wenye maneno ambayo padri asingeyapenda, na mchanga ukaanza kuondoka.

Lidwina alipita katikati yao na kata, akichota, akigawa, akitaniwa, akitania. Dumu dogo la togwa alikuwa amemwekea Swalehe, Myao wa Tunduru mwenye duka na mashine ya kusaga pale njia panda, ambaye hanywi kilevi. Swalehe alikunywa amechuchumaa, akafuta mdomo, akasema, "Alhamdulillahi. Mama, Mwenyezi Mungu akurudishie mara kumi." Kwa muda ule Lidwina alikuwa na furaha, asikudanganye mtu. Alikuwa anauona udongo wake mweusi ukitokea, kipande kwa kipande, na alijihisi ni mke wa Pankrasi tena.

Komoni ikaisha kabla ya saa sita.

Kona ya chini, ile yenye rutuba kuliko zote, ilikuwa bado imefunikwa. Watu waliinama kidogo, wakasimama, wakaegemea mabeleshi yao. Hakuna aliyelalamika. Wale wa ng'ambo ya mto walianza kuangaliana, na Dastan akaupindua mtungi juu chini, tone moja likaanguka, watu wakacheka.

"Enzi za kaka Pankrasi," alisema Dastan, "komoni ndiyo ilikuwa inatuchosha, siyo kazi!"

Ulikuwa utani tu. Lidwina alicheka na wao, tena akacheka kwa sauti kuliko wote. Halafu akaenda jikoni.

Alishusha fungu la kwanza, akasema hili tu. Aliliangalia likiwa kwenye ungo, akaona halitoshi hata safu ya mbele, akashusha la pili. Kwa watu wale wote, kumpa huyu ukamnyima yule ni matusi. Akaendelea hivyohivyo mpaka kichanja kikabaki miti mitupu na masizi. Akapukuchua haraka haraka, mahindi yakamchuna vidole, akajitwisha ndoo, akamwita Swalehe pembeni aje kuwasha mashine.

Swalehe aliingiza mkono kwenye ndoo ili atoe takataka, akausimamisha humo humo. Punje zilikuwa kubwa, zote za aina moja, nyeusi kwa moshi.

"Mama. Haya ni mahindi ya mbegu."

"Saga, mwanangu."

"Mama, mimi nina njaa kama wenzangu, lakini haya..."

"Nimesema saga, Swalehe. Watu wamesimama."

Akasaga. Hakuchukua hela. Unga ulitoka na rangi ya kijivu, na mpaka leo ukimuuliza Swalehe atakwambia hajawahi kuichukia ile mashine kama siku ile.

Watu walikula ugali kwa mboga ya maboga, wakapata nguvu, wakaimaliza ile kona kabla jua halijainama. Robo eka yote ikawa nyeusi, tupu, imechongeka vizuri, na mchanga umelundikwa kandokando ukawa ukuta wa kuzuia mwingine. Vigelegele vilipigwa hadi mbwa wakabweka. Dastan alimbeba Lidwina juu juu kama bibi harusi, naye Lidwina akampigapiga ngumi mgongoni akisema, "Niteremshe, mshenzi wewe!"

"Sasa mama," watu walimwambia wakiondoka, "hapo ni kupanda tu."

"Kupanda tu," alijibu.

Hironimus alikuwa wa mwisho kuaga. Alitupa jicho kwenye mlango wa jiko, kwenye kichanja, kisha akatazama chini.

Aliyefuata alikuwa Hilda. Hilda ana watoto wengi na mume aliyekwenda machimboni asirudi, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini angeanzaje kuita watu kwa koo kavu wakati wametoka kunywa kwa bibi kizee mjane? Hilda alipika. Baada ya Hilda, Dastan akasema kama wanawake wamepika, yeye mwanaume mzima atashindwa? Akapika, tena mitungi mikubwa zaidi. Ikaenda hivyo, nyumba kwa nyumba, hata Romanus akapika ili ile nusu yake imalizwe, kila mmoja akiogopa kuwa yule wa kwanza kuaibika. Ilipofika Noeli watu wa Mbelenge walikuwa wanaimba kuliko miaka yote. Mgeni angepita pale angesema hawa watu wamepata neema.

Lidwina alikwenda kila shamba. Alifukua mpaka kiuno kikakataa. Na kila alipopewa kata, alikunywa, kwa sababu kukataa ni dharau. Komoni ya Hilda ilikuwa na ladha ya moshi. Ya Dastan ilikuwa na ladha ya moshi. Alijiambia ni kuni mbichi. Siku ya mwisho, shambani kwa Hironimus, shemeji yake alimletea kata kwa mkono wake mwenyewe, akaipokea kwa mikono miwili, akaonja, moshi ukamjaa puani. Aliimeza yote. Hakuthubutu kumtazama usoni.

Wakati huo walikuwa wameshakuja watu wa msaada na gari lao, wakapiga picha mchanga, wakampiga picha mzee Romanus, wakasema mbegu zitaletwa. Hazikuletwa. Kwa Swalehe mifuko ya mbegu ilikuwa imekwisha, na hata ingekuwepo, nani alikuwa na cha kununulia? Kuomba kwa jirani ndiyo usiseme. Utamwendea vipi mtu aliyekubebea mchanga kichwani kutwa, umwambie nilichokuwa nacho nilikunywesha, sasa nipe chako?

Ilikuwa imekubaliwa kwamba hakuna atakayepanda hadi shamba la mwisho lifukuliwe, kisha wote waingie siku moja, kwa usawa. Siku hiyo ikafika, Jumatatu, siku mbili kabla ya Tokeo la Bwana. Lidwina alichukua jembe lake. Alichukua na mkoba wa kupandia, akaujaza magunzi ili utune, akaufunga kiunoni, akatelemka bondeni.

Angefanyaje? Watu wa vitongoji vitatu walivunjika viuno kwa ajili ya ile robo eka. Ilale tu, inatazamwa? Alipiga shimo. Aliingiza mkono mkobani, akautoa, akaufungua juu ya shimo, akafukia kwa mguu. Akasogea hatua moja, akapiga la pili.

"Pole na kazi, mama!" alipita mtu njiani. "Umeshaanza?"

"Nimeanza, mwanangu. Nawe kapande, mvua inakuja."

Alimaliza mstari wa kwanza, akaanza wa pili. Mgongo ulimuuma kama mgongo wa mtu anayepanda kweli, na jasho lilikuwa jasho. Bonde zima lilikuwa na watu walioinama. Hilda alikuwa upande wa pili na watoto wake wamejipanga kwenye mstari, na upande wa kulia alikuwa Hironimus na jembe lake refu.

Ndipo walipokuja kunguru.

Kunguru wa Mbelenge wanaijua siku ya kupanda kuliko binadamu. Huja nyuma ya mpandaji, hufukua, hula, na kila mwaka watoto hupewa mawe ya kuwafukuza. Walitua nyuma ya Lidwina, wakachokonoa shimo la kwanza, wakachokonoa la pili, la tatu. Mmoja aliinua kichwa akamtazama. Lidwina alijikuta anamtupia donge la udongo, "Ishaa! Toka hapa, mwizi!", kwa sauti kubwa ili watu wasikie. Aliona aibu mbele ya ndege.

Kunguru waliruka wakaenda shambani kwa Hironimus. Lidwina alishusha pumzi. Angalau huko watakuta kitu, wamwache yeye na aibu yake. Walitua nyuma ya Hironimus, wakachokonoa shimo, wakachokonoa jingine. Wakaruka. Wakaenda kwa Hilda, wakatua, wakachokonoa, watoto wa Hilda wakiwatazama tu bila hata mmoja kuokota jiwe. Wakaruka tena. Walipita kwa Dastan, wakapita kwa Romanus, wakazunguka bonde lote la Mbelenge lililolimwa vizuri, kisha wakapanda juu wakakivuka kile kilima kipara, wakaenda kutafuta kwa watu wengine.

Lidwina alisimama na jembe mkononi. Alitazama shamba moja baada ya jingine, watu wameinama, mikono inaingia mkobani, inatoka, inafunguka. *Atakayefuata atafanyaje?* Aliulizwa, tena kwa upole, jikoni kwake mwenyewe, akajibu kwa kiburi. Ni yeye. Mchanga uliwaachia mbegu vichanjani, yeye ndiye aliyewafundisha kuinywa.

Hironimus naye alikuwa amejinyoosha. Walitazamana juu ya ule ukuta wa mchanga, na Hironimus alikuwa amewaona kunguru. Hakuna namna asingekuwa ameona.

"Shemeji!" aliita Hironimus. "Mbegu inakutosha?"

Lidwina alitaka kusema nisamehe, tena alitaka kulisema kwa sauti, wote wasikie, Hilda na watoto wake wasikie.

"Inatosha, shemeji," alisema. "Na yako?"

"Hata itabaki," alijibu Hironimus, mtu asiyejua kusema uongo. Alifuta uso kwa kofia yake, akaufuta kwa muda mrefu. "Tumalizie mistari basi. Inakuja hiyo."

Wakainama tena, kila mtu kwake. Mvua ilianza wakiwa hawajamaliza, nyepesi, tulivu, isiyobeba kitu, ikaingia ardhini polepole pale pale ilipodondoka. Ilikuwa mvua nzuri sana ya kupandia.